Mmoja kwa Wawili

Mwalimu mkuu Kaijage alifika Ihembe jasho likimtiririka, baiskeli yake imebeba kikapu kikubwa kilichofungwa kwa majani ya migomba. Kabla hajaiegemeza ukutani, Kokwijuka alikwisha simama mlangoni, mikono kiunoni, kanga ameikaza kikweli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu kiti, karibu kahawa. Lakini kama umemfuata mugole, umepoteza safari. Mugole haonekani."

"Sikuja kumwona, mama. Nina swali dogo tu la kumuuliza."

"Maswali si ndiyo kazi? Na mugole hafanyi kazi."

Chumbani, nyuma ya pazia la maua, Placidia alijiziba mdomo asicheke. Alikuwa bi harusi, mugole kama wasemavyo kwao, na mwezi wake wa kukaa ndani ulikuwa haujaisha. Katika mwezi huo bi harusi hagusi jembe, hagusi ufagio, hapulizi moto, wala mwanamume wa nje hamwoni sura wala hasikii sauti yake. Kazi yake ni kula ndizi, kunywa maziwa na kupakwa samli mpaka ngozi ing'ae. Wengine siku hizi walikuwa wanakaa wiki moja kwa jina tu, wakatoka. Kokwijuka, mama mkwe wake, alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Yustus, bwana mifugo, na aliapa kwamba harusi hiyo moja itakwenda kwa taratibu zake zote, hata kama huu ni mwaka themanini na saba.

Placidia hakuwa na kinyongo. Alikuwa mwalimu wa kemia, amesoma, amekaa mabwenini miaka mingi akifua na kujipikia, na tangu utotoni hakuna aliyewahi kummenyea ndizi. Alinenepa, mashavu yakajaa, akayapenda. Jambo moja tu lilimkera. Kila mgeni aliyefika alimsikia Kokwijuka akisema kwa sauti ya kutosha kupita pazia, "Akitoka humu namkabidhi kibanja alime migomba. Chaki zimemtosha." Na Yustus, badala ya kusema neno, hukohoa na kwenda kuangalia mnyororo wa baiskeli yake.

"Mama," alisema Kaijage, sasa ameketi sebuleni na punje za kahawa ya kutafuna mkononi, "nitasema ukweli wangu. Mkaguzi kutoka Bukoba anakuja keshokutwa. Tulimtarajia baada ya mwezi, ameleta habari kwamba anakuja sasa. Anataka kuwaona watoto wa kidato cha nne wakifanya kemia kwa mikono yao. Akiridhika, watafanya mtihani wa vitendo hapa hapa shuleni. Asiporidhika, kemia inafungwa. Watoto watafanya masomo mengine, na mwalimu wa kemia hatuna kazi ya kumpa."

Kokwijuka alitafuna kahawa yake polepole. Kwake habari hiyo haikuwa mbaya hata kidogo, na uso wake haukuficha.

Nyuma ya pazia Placidia aliacha kucheka. Watoto wale aliwafundisha tangu kidato cha pili. Ilikuwa shule ya wazazi, imejengwa kwa kahawa za watu wa pale pale, na darasa hilo lilikuwa la kwanza kufika kidato cha nne. Kulikuwa na msichana anaitwa Immaculata, mtoto wa kibarua aliyetoka Burundi, aliyekuwa akishika chupa za maabara kwa uangalifu wa mtu aliyebeba kichanga, na aliyetaka uuguzi kwa moyo wake wote. Bila kemia, uuguzi aungojee mbinguni.

"Mama," Placidia aliita kwa sauti ya chini. Kokwijuka akaenda akapenyeza kichwa kwenye pazia.

"Nini, mwanangu? Maziwa?"

"Muulize mwalimu kumeharibika nini."

"Nimekwambia mugole hafanyi kazi."

"Ukisema nisiulize, sitauliza, mama. Wala sitatoroka. Nimekubali kukaa, nitakaa. Lakini maziwa hayatapita kooni."

Kokwijuka alimtazama mkwewe mashavu yale aliyoyahangaikia, akayaona yakisinyaa kwa macho ya mawazo. Akavuta pumzi. Alirudi sebuleni akaketi kwenye kigoda katikati ya mlango wa chumba na kiti cha mgeni.

"Bi harusi anauliza kumeharibika nini. Niambie mimi, mimi nitamwambia yeye."

Nyumba ilikuwa ndogo na kila mtu alisikia kila kitu. Hata hivyo wote watatu walikubali kimyakimya kwamba hakuna aliyemsikia mwingine, na mambo yakaendelea hivyo.

Kaijage, ambaye masomo yake yalikuwa historia na siasa, alieleza. Aliona bi harusi hapatikani, akatayarisha maji ya kemia mwenyewe. Alichukua asidi yote iliyobaki, akaichanganya na maji kwa kufuata kitabu. Akayeyusha magadi, nayo kwa nguvu ile ile. Jana akawapa watoto wajaribu. Magadi yakakaa kwenye chupa chini, yametiwa matone ya rangi yakawa ya njano. Asidi ikakaa juu kwenye bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye mistari na koki chini. Watoto wakafungua koki, asidi ikadondoka, ikadondoka, wakitegemea njano igeuke nyekundu nyekundu. Bureti ikaisha yote. Njano ikabaki njano.

"Wakajaribu meza zote," alisema kwa huzuni. "Immaculata amelia. Kuna wanaosema asidi ni feki. Wengine wanasema ni mkono wa mtu."

"Muulize," ilisema sauti ya ndani, "asidi na magadi amevipa nguvu gani?"

"Bi harusi anauliza umevipa nguvu gani."

Kaijage alinyanyua kidevu. Hapo alikuwa na uhakika. "Sawa kwa sawa! Asidi nguvu moja, magadi nguvu moja. Sikupendelea upande wowote. Nimefundisha usawa miaka kumi na mitano, mama, nitabaguaje kwenye chupa?"

Placidia aliangukia mto. Alicheka mpaka machozi yakachanganyika na samli.

"Mwambie amekosea. Mwambie usawa wake ndio uliotuua."

Kokwijuka alimgeukia mgeni kwa adabu zote. "Bi harusi anakusalimu sana. Anasema umejitahidi."

"Nashukuru," alisema Kaijage, masikio yamemwiva. "Na nimekosea wapi?"

Swali hilo lilimuudhi Kokwijuka. Aliingia chumbani akarudisha pazia nyuma yake. "Haya, nieleze. Sitakuwa posta ya barua nisizozijua."

Placidia alichukua kikapu cha kahawa ya kutafuna kilichokuwa kando ya kitanda, akamwaga punje chache mkekani. Akaweka moja peke yake, kisha mbili mbele yake.

"Hii moja ni magadi, mama. Hizi mbili ni asidi. Vinapokutana, punje moja ya magadi haitulii mpaka ipate punje mbili za asidi. Ikipata moja, bado inataka. Ndivyo vilivyo, hakuna wa kuvibadilisha. Mmoja kwa wawili."

Alipokwisha sema, alitamani ardhi ipasuke. Marehemu baba mkwe aliacha wajane wawili. Kokwijuka alikuwa mke wa kanisani. Wa pili, Adelgunda, aliolewa baadaye bila padre kujua, na nyumba yake ilikuwa pale pale chini ya kibanja, migomba michache tu katikati.

Kokwijuka aliziangalia punje tatu muda mrefu.

"Na hawa wawili," aliuliza, "wanakaa vizuri?"

"Mama, ni kemia tu..."

"Nakuuliza."

"Mwishoni," alisema Placidia taratibu, "yule mmoja anaondoka. Anapanda juu na mapovu, anapotelea hewani. Wanaobaki chini wanakaa kimya, chumvi na maji."

Kokwijuka alipiga kofi moja. "Mawe! Mama yangu, ndiye yeye! Ametutesa, kisha akapanda juu huyo, akatuachia chumvi." Akacheka kicheko kilichomfanya Kaijage huko sebuleni asimame kwa hofu. "Endelea. Sasa nimeelewa watu wako."

Mengine yakawa mepesi kusema. Kipimo cha magadi cha shule kilikuwa kimoja, cha mililita ishirini na tano. Kama nguvu ni sawa, magadi ya ishirini na tano yanataka asidi mara mbili yake, yaani hamsini, na tone juu yake la kugeuza rangi. Bureti mwisho wake ni hamsini. Kwa hiyo inakauka pale pale kabla ya rangi kugeuka, na watoto wanabaki wanatazamana.

"Asidi ilitakiwa iwe kali mara mbili," alisema Placidia, na hapo furaha ikamtoka. "Lakini ameichanganya yote. Maji yakishaingia hayatoki."

"Tukiichemsha ipungue?" aliuliza Kaijage kutoka sebuleni, amesahau kwamba hasikii.

"Itatoka na mvuke, tutakohoa kijiji kizima," alisema Placidia, naye amesahau.

"Bi harusi anasema hapana," alisema Kokwijuka kwa ukali, kurudisha heshima ya nyumba.

Asidi nyingine ingetoka Mwanza kwa meli na lori, si kwa keshokutwa. Placidia alizizungusha punje mkekani bila kuziona. Nje mvua ilianza kunyesha ile ya vuli, ikipiga bati kidogo kidogo.

Kokwijuka alimletea kibuyu cha maziwa, na kwa kuwa kimya hakukiweza, akaanza hadithi yake ya kila siku, ya rubisi ya harusi. Mugole aliijua kwa moyo. Wajane wawili walitengeneza pombe ya ndizi kila mmoja kwake. Yake Kokwijuka ilikuwa kali, ya mtama wa kutosha. Ya Adelgunda ilikuwa nyepesi. Wageni wakaona tofauti, wakanung'unika, na Kokwijuka mbele ya ukoo mzima akasema kwamba mwenzake amewaletea watu maji. Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

"Walinishauri niongeze maji kwenye yangu ili zilingane," alisema, akipangusa mdomo wa kibuyu. "Ya kwake haikuwa na namna tena, ilishakuwa nyepesi. Ila yangu ingepunguzwa, nani angejua? Nikakataa. Mimi nipunguze yangu kwa ajili ya..."

"Mama!"

Kibuyu nusura kianguke. Placidia alikuwa ameketi wima, macho yamemtoka.

"Rudia hapo. Ile nyepesi haina namna tena."

"Haina. Si ina maji?"

"Kwa hiyo unapunguza ile kali! Mama, mimi ni mjinga! Nalilia asidi, na magadi ninayo! Tukiongeza maji kwenye magadi, jagi kwa jagi, yatakuwa nusu ya nguvu. Nusu ya magadi inataka asidi nusu ya ile. Ishirini na tano kwa ishirini na tano! Bureti itafika katikati tu!" Alimkumbatia mama mkwe, samli yote ikahamia kwenye kanga ya mama. Sebuleni Kaijage alipiga goti lake ngumi na kusema "Naam!" kana kwamba ni yeye.

"Lakini yawe maji ya mvua," aliongeza Placidia. "Safi, yaliyokaa. Ya bondeni yana vitu vyake, vitakula asidi yetu."

Kokwijuka aliweka kibuyu chini. Pipa lake mwenyewe lilikaushwa wakati wa harusi, na mvua hii ya leo ilikuwa ndiyo kwanza inaosha vumbi la bati. Pipa lililojaa, lenye mfuniko, maji yake meupe pe, lilikuwa moja tu karibu.

"Mawe," alisema kwa sauti ndogo. "Nikaombe maji kwa niliyemwambia ana maji."

Placidia alitazama mkeka. Kaijage alitazama picha ya Bikira Maria ukutani. Kokwijuka angeweza kukataa, na wote walijua. Angekaa tu kwenye kigoda chake mpaka keshokutwa ipite, na kemia ingefungwa, na kibanja kingempata mkulima wake.

Kokwijuka alisimama, akajifunga kanga upya, akachukua ndoo.

Placidia alisogelea dirisha dogo la chumbani. Aliona mama mkwe akishuka katikati ya migomba kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuungama, akasimama mbele ya ua wa nyumba ya chini. Adelgunda alitoka. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye maneno machache. Alimtazama mgeni, akatazama ndoo.

"Nimekuja kuomba maji," alisema Kokwijuka.

"Maji?" Adelgunda alifikiri kidogo. "Ninayo mengi. Si ulisema?"

Mvua ilimlowesha Kokwijuka mabega, na hakusogea.

"Nilisema," alikiri. "Na mbele ya watu. Halikuwa neno la kusema."

Adelgunda alimwacha asimame hapo mpaka wote wawili wakalowa sawasawa. Kisha akachukua ndoo kutoka mkononi mwake, akafunua pipa.

"Ya nini haya?"

"Ya mugole. Ya kemia. Njoo uone mwenyewe, mimi siwezi kueleza nikiwa nimesimama."

Dakika chache baadaye wajane wote wawili walikuwa chumbani na ndoo mbili. Kaijage alifungua kikapu chake, akapenyeza vitu chini ya pazia kimoja kimoja bila kuangalia. Zikaingia chupa, bureti na mguu wake, kipimo, kichupa cha rangi, galoni ya asidi na galoni ya magadi. Kisha akatolewa nje, akakaa chini ya dirisha kwenye benchi la ukuta, ameipa nyumba mgongo, mwavuli mkononi.

Placidia alinyoosha mkono kushika bureti. Kokwijuka akaupiga kofi dogo.

"Mugole hafanyi kazi. Sema, sisi tutafanya."

Ndivyo ilivyokuwa. Bi harusi alikaa kitandani na mito yake, akatoa maagizo. Kokwijuka alichanganya jagi la magadi na jagi la maji, akikoroga kwa mkono uliokoroga rubisi miaka arobaini. Adelgunda, kwa urefu wake, alipewa koki. Matone ya rangi yaliingia, magadi yakawa ya njano. Kokwijuka alishika chupa akaanza kuizungusha chini ya bureti.

"Fungua, mama mdogo. Pole pole."

Mara ya kwanza Adelgunda aliachia mno. Rangi iliruka kutoka njano hadi nyekundu kabla ya mtu kupumua.

"Umemwaga!" alifoka Kokwijuka.

"Wewe ulikuwa unazungusha au unabembeleza?"

"Tunaanza upya," alisema Placidia haraka. "Ya kwanza huwa ya kujifunzia, hata kwa wanafunzi."

Mara ya pili Adelgunda aliminya midomo, akashika koki kwa vidole viwili. Mapovu madogo yalipanda kwenye chupa. "Huyo anaondoka," alinong'ona Kokwijuka, na Adelgunda, aliyekwisha simuliwa habari yote ya punje, alitikisa kichwa na kusema, "Mwache aende, alitusumbua." Walicheka wote wawili, mikono haikutetereka. Asidi ilishuka ishirini, ikashuka ishirini na mbili. Ikabaki tone moja moja. Kila tone lilitua na wingu la waridi, Kokwijuka akalizungusha likapotea. Likaja jingine, likachelewa kupotea. Likaja jingine.

Njano ikageuka. Ikawa waridi ya machungwa, ikabaki hivyo hivyo.

"Imeona haya!" alipiga kelele Kokwijuka. "Funga! Funga! Imeona haya!"

Placidia aliinama kusoma mistari. Ishirini na tano, na unywele mmoja tu. Alijaribu kusema namba hiyo kwa sauti ya mwalimu, akaishia kulia kwa furaha mbele ya mama wakwe wawili bila aibu yoyote. Nje dirishani Kaijage aliruka na mwavuli wake na kumtisha mbuzi.

Wakarudia tena, ikatoka vile vile. Kisha tena, maana Kokwijuka alisema anataka kushika koki yeye.

Keshokutwa yake Placidia hakula. Shule ilikuwa ng'ambo ya bonde, na kutoka chumbani hakuona kitu zaidi ya migomba na moshi wa jikoni. Magadi yalikwisha ondoka alfajiri juu ya baiskeli ya Yustus, ambaye kwa mara ya kwanza hakukohoa. Alisema mbele ya mama yake, "Mke wangu ni mwalimu, na leo nabeba chupa zake," kisha akapanda baiskeli upesi kabla ya kujibiwa.

Kokwijuka alishinda akifagia ua uliokwisha fagiwa. Adelgunda alipanda kutoka chini na ufuta wa kuchambua, akakaa naye bila kualikwa. Kila mara mmoja wao alinyoosha shingo kuelekea bondeni.

"Kama yule mtoto ataachia mno?" aliuliza Kokwijuka.

"Immaculata haachii mno," alijibu Placidia kutoka ndani. Aliomba iwe kweli.

Saa nane hivi ulisikika wimbo. Mwanzo ulikuwa mbali, kama watu wanaotoka kuvuna, kisha ukapanda mlima, na sauti za wasichana zikatambulikana. Darasa zima lilikuwa linakuja katikati ya migomba, sketi na suruali zimerukiwa na tope, na Immaculata yuko mbele ameinua kichupa juu ya kichwa chake. Ndani yake kulikuwa na maji ya rangi ya waridi ya machungwa. Walizunguka nyumba wakiimba, wakapiga magoti nje ya dirisha la mwalimu wao, na Immaculata akakiweka kichupa kizingitini.

"Meza zote, mwalimu," alisema, akihema. "Meza zote zimegeuka."

Placidia alikitia kichupa ndani kwa mkono mmoja tu uliopita dirishani, mkono uliong'aa samli, na watoto waliuona huo wakashangilia kama wamemwona mzima.

Nyuma yao alikuja Kaijage, na nyuma ya Kaijage mtu wa suti ya kijivu, viatu amevishika mkononi kwa ajili ya tope. Alikuwa mkaguzi mwenyewe, Bwana Mutalemwa, ambaye walimu wa mkoa walimwogopa kuliko ugonjwa. Alitaka kumwona aliyetayarisha maji yale.

"Haonekani," alisema Kokwijuka.

Kaijage alifumba macho. Mkaguzi alimtazama bibi yule mlangoni, akatazama pazia, akanusa samli hewani. Uso wake ukalegea.

"Yuko ndani? Ugole?" Akaketi kwenye benchi la ukuta, akaupa mlango mgongo bila kuambiwa. "Mama, mke wangu mimi alikaa ndani mpaka nikasahau sura yake. Basi niulizie jambo moja tu. Mwalimu mkuu amenikiri kwamba aliharibu, na nimempa heshima kwa kukiri. Lakini kwa nini yule wa ndani aligusa magadi, asiguse asidi?"

Placidia alifungua mdomo. Hakupewa nafasi.

"Kwa sababu nyepesi haina namna tena," alisema Kokwijuka. "Unapunguza kali. Mmoja anataka wawili, na bureti yenu ni fupi. Swali jingine?"

Bwana Mutalemwa alicheka mpaka akaviangusha viatu. Adelgunda akamletea rubisi, ile yake nyepesi, na Kokwijuka ndiye aliyesema, "Kunywa, hiyo ndiyo inayofaa mtu aliye safarini." Mkaguzi alikunywa akaomba tena, na kabla jua halijashuka alikwisha sema mbele ya watoto wote kwamba mtihani wa vitendo utafanyika shuleni kwao. Kelele zilizopigwa hapo zilifika Nyakasimbi, au ndivyo walivyosema baadaye watu wa Nyakasimbi, ndugu zake Placidia, ambao hawakutaka kuonekana hawakusikia.

Siku ya mugole kutoka ilikuwa Jumamosi ya jua. Ukoo ulikusanyika uani, senene wa kwanza walikuwa wamekaangwa, na Placidia alitoka mlangoni amefunikwa vizuri, ananukia, amenenepa, akifumba macho kwa mwanga. Kwa desturi mama mkwe humkabidhi mkwewe jembe jipya na kumpeleka kwenye kibanja, alime mbele ya watu, ijulikane kwamba shamba limepata mwenyewe.

Kokwijuka alimkabidhi jembe. Wakaenda wote mpaka kwenye mgomba wa kwanza, Adelgunda akiwa upande wa pili, kwa kuwa aliombwa awepo. Placidia alimtafuta Yustus kwa macho, akamwona yuko karibu, hakohoi. Akainua jembe, akalipiga chini mara moja. Udongo mweusi ukafunguka. Akaliinua tena.

Kokwijuka akalishika mpini.

"Inatosha," alisema, kwa sauti ya ukoo mzima kusikia. "Kibanja kimekuona. Sisi wawili tupo, tutakilima. Wewe Jumatatu nenda kwa watoto wako."

Placidia alipiga magoti kwenye udongo ule ule na kanga yake mpya, hakujali. Kokwijuka alimwinamia, akamsogezea mdomo sikioni, mbali na Adelgunda.

"Na wakikuuliza huko shuleni ni nani aliyeona rangi kwanza," alisema, "uwaambie ukweli. Nilikuwa mimi."